Goti na Tumbo Kumbe Ni Ndugu

Saluni ya mlango wa bluu,
Chumba cha mbele, nyumbani.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo, na uipokee vizuri, maana nimeiandika kwa vidole vinavyokunjika na kukunjuka bila kulalamika. U hali gani huko uliko? Wenzako wa chumba cha kufulia hawajambo? Na yule msimamizi wenu asiyecheka, bado hajacheka? Sisi huku ni wazima. Mama hajambo, shemeji yako hajambo, watoto nao hawajambo ila kelele tu. Hata mimi sijambo, na safari hii sisemi hivyo kwa sababu barua inataka niseme hivyo. Nasema kwa sababu ni kweli, na nimefurahi mpaka nashindwa kukaa na furaha yenyewe peke yangu.

Nina habari njema tele na ombi moja. Ombi naliweka mezani mapema ili usije ukasema nilikuvizia. Tulipoongea kwa simu mara ya mwisho, uliniambia huku unacheka kwamba asubuhi vidole vyako vinakataa kufunga vifungo vya sare mpaka jua lipande, na kwamba goti halikupi raha tangu wakuhamishie kwenye pasi. Ukasema ni uzee. Uzee gani, Dada? Mimi niliyekufuata ziwa bado nagombana na watu wanaonipisha kwenye foleni, wewe uzee umeutoa wapi? Halafu katika maongezi yale yale ukasema "subiri kidogo" mara mbili. Nikasikia simu inawekwa, nikasikia miguu inakimbia, nikasikia mlango. Kila uliporudi ulikuwa unahema na ukaniuliza habari za mvua.

Sikukuuliza kitu, kwa sababu kwenye simu ungenipiga chenga. Kwa hiyo nakuandikia. Barua hii, pamoja na masihara yake yote, ina kazi moja tu: kukupeleka kwa daktari. Sasa keti, tafuta kikombe cha chai, nikuambie yaliyonipata mimi.

Kazi yangu unaijua. Watu wanadhani msusi anasimama, kumbe msusi anazunguka. Mteja ametulia kwenye kiti chake, mimi ndiye ninayekizunguka kichwa chake kutwa, toka kwenye paji la uso mpaka kisogoni, toka sikio hadi sikio, nikichora njia kwa mkia wa kitana. Magoti yalipoanza kuvimba nilisema ndiyo mshahara wa kazi. Lakini maumivu yenyewe hayakuwa na anwani. Leo goti la kulia, keshokutwa kifundo cha mguu wa kushoto, wiki ijayo kiwiko. Nikipanga kwenda hospitali kwa ajili ya goti, zamu yangu inapofika goti limenywea na kiwiko ndicho kinachopiga kelele. Nikawa naonekana mwongo mbele ya watu waliosomea.

Tumbo nalo lilikuwa na yake. Lilikuwa linanikimbiza, Dada, na sikukuambia wewe wala mtu yeyote. Kukimbia tu ingekuwa nafuu, lakini na damu niliiona. Nilikonda mpaka sketi ikawa inanizunguka kiunoni, zipu naiona kwa mbele. Wateja wakanisifu, wakaniuliza siri. Nikawaambia ni mazoezi.

Unajua nyumba yetu ilivyo. Mtu akiumwa mguu, kwetu atapewa pole mpaka na muuza maziwa. Akiumwa tumbo, anasema "subiri kidogo", anajifungia, akirudi anaanzisha mazungumzo mengine na wote tunajifanya hamnazo. Hata choo kwetu hakikuwa na jina, kiliitwa "kule". Mama alitulea hivyo kwa sababu na yeye alilelewa hivyo. Basi na mimi nikafanya kosa ambalo nadhani ni watu wa nyumba yetu tu wanaoweza kulifanya: goti nikalipeleka hospitali, tumbo nikaliacha nyumbani.

Hospitali wakalipiga picha goti, mifupa ikaonekana mizima. Nikarudi nyumbani nikawa najinunulia dukani vidonge vya maumivu, na kila goti liliponipa shida nilimeza. Goti likawa linatulia kidogo, tumbo linawaka. Nikanunua vingine vya tumbo. Duka la dawa la mtaani wakawa wananisalimia kama shemeji yao. Mimi sikuunganisha hata kidogo. Kwangu goti lilikuwa goti na tumbo lilikuwa tumbo, hawajawahi kukutana.

Ngoja nikuchekeshe kidogo. Siku moja nilikuwa namsuka mwalimu mkuu wa shule ya hapa jirani, kabla hajaingia kazini. Nusu ya kichwa imelala vizuri, nusu imesimama wima. Nikasema subiri kidogo. Nilikaa kule mpaka nikasikia kengele ya shule. Nilipotoka nilikuta kiti kitupu na kitambaa changu cha kufutia kioo hakipo. Alikuwa amejifunga upande mmoja, akaiongoza shule hivyo hivyo kutwa nzima bila kutetereka. Kesho yake wasichana wawili wakaja kuniomba niwasuke "ule mtindo wa mwalimu". Mwenyewe alirudi jioni akanirudishia kitambaa kimefuliwa na kupigwa pasi, hakunisema kitu. Nilipobaki peke yangu nililia, kwa sababu upole wake uliniumiza kuliko kama angenigombeza.

Baada ya hapo nilikata shauri kufunga saluni. Timu ya netiboli ya wasichana wa mtaa, ambao huwa nawasuka wote mtindo mmoja kabla ya mashindano, niliwaambia watafute msusi mwingine. Nahodha wao akaniuliza nina ugomvi gani nao. Nilianza hata kugawa vitana. Shemeji yako aliviona vinapungua, akawa anakwenda kuvifuata kwa watu kimya kimya na kuvirudisha kwenye kopo. Mimi nikadhani nachanganyikiwa.

Ni yeye aliyenisukuma nirudi hospitali. Safari hii nilimkuta daktari mwanamke, mwenye sauti ya chini na mikono ya moto. Alikuwa analikunja goti langu huku ananiuliza linauma wapi, mara tumbo likanikamata. Nikamwambia, "Subiri kidogo, daktari," nikatoka na kiatu kimoja. Niliporudi nilitegemea ameshamwita mwingine. Hakumwita. Alikuwa ameketi vile vile, kiatu changu cha pili amekiweka sawa karibu na kiti. Akanitazama, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, hiyo 'subiri kidogo' yako imeanza lini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo maishani mwangu. Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikamwaga yote: kukimbia, damu, sketi, mwalimu mkuu, kila kitu. Aliposikiliza mpaka mwisho akaniuliza kwa nini sikuyasema haya tangu mwanzo. Nikamjibu ukweli, kwamba nilikuja kwa ajili ya goti. Alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Akasema, "Umeleta shahidi, mshtakiwa umemwacha nyumbani!"

Vipimo vilifuata, na hapo heshima yangu yote niliyoitunza tangu utotoni ilikwisha. Damu walichukua. Choo nilikipeleka mwenyewe kwenye kikopo, nimekifunga kwa mtandio na mfuko juu ya mfuko, nikakutana njiani na Bi Haraka, yule mteja wangu asiyejua kusubiri, akasisitiza kunisaidia kubeba. Tulivutana barabarani mpaka watu wakasimama. Halafu wakaniingiza kamera. Sikuelezi iliingilia wapi, akili unayo.

Majibu yalitoka kwamba utumbo wangu una uvimbe, ule ugonjwa wa muda mrefu ambao kinga ya mwili inaushambulia utumbo wa mwenyewe. Daktari alinieleza kama mlinzi uliyemwajiri alinde nyumba, akaanza kuwapiga wenye nyumba. Akishamaliza kuchachamaa tumboni, anapitia na kwenye viungo, leo goti, kesho kiwiko, ndiyo maana maumivu yangu yalikuwa yanahamahama. Si watu wote wenye ugonjwa huu wanaumwa viungo, lakini ni wengi. Kwa hiyo goti na tumbo kumbe ni ndugu wa baba mmoja, na mimi miaka yote nilikuwa nawalisha kwenye vyumba tofauti.

Vile vidonge vya dukani akanikataza palepale. Alisema kwa mtu mwenye utumbo kama wangu vinaweza kuuchokoza zaidi, na kama maumivu yakizidi nimuulize yeye kwanza. Akanipa dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo. Nikamuuliza na ya goti iko wapi. Akasema tuanze kwa tumbo tuone goti litasemaje. Nilitoka pale nimenuna, naona nimedhulumiwa.

Dada, goti lilijibu! Si siku ile wala wiki ile, lakini tumbo lilipoanza kutulia, viungo navyo vikaanza kunywea kimoja baada ya kingine. Asubuhi moja nilijikuta nimechuchumaa kuokota rasta sakafuni, nikashtuka, nikabaki nimechuchumaa hapo hapo nikimwita shemeji yako aje aone. Alikuja mbio akidhani nimeanguka. Alipoelewa na yeye akachuchumaa, tukawa tunatazamana chini pale. Yeye ndiye aliyeshindwa kuinuka.

Mama nilimweleza yote, jina la ugonjwa na kamera pia. Nilidhani ataziba masikio. Aliviringisha ncha ya kanga yake, kisha akasema, "Hata mimi ujanani nilikuwa hivyo hivyo. Na mama yangu." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Ningemwambia nani? Kila mtu alikuwa nyuma ya mlango wake." Kisha tukacheka sana, mimi na yeye, kicheko cha machozi. Siku hizi amekuwa hana breki. Juzi amemsimulia mgeni habari za tumbo lake mpaka mgeni akaiacha chai.

Nilimuuliza daktari kuhusu hilo la Mama na Bibi. Alisema ugonjwa huu unaweza kutembea katika familia, si lazima, lakini unaweza. Ndipo "subiri kidogo" zako mbili zikanirudia masikioni.

Usidhani nimepona nikawa mpya. Ugonjwa haujaondoka, umetulia tu, na dawa nameza kila siku. Siku mbaya zipo. Asubuhi nyingine vidole vinaamka vigumu, naviloweka kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu mpaka vikubali. Goti likivimba nalipumzisha bila kujionea aibu, na likitulia natembea jioni, kwa sababu kukaa tu nako kunaligandisha. Mpini wa kitana nimeuviringishia kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, umekuwa mnene, sihitaji kuukaba tena. Siku ambayo viungo vimekataa nasuka mabutu manene au naosha nywele tu, na mteja anayetaka misuko myembamba namwambia arudi. Zamani nilikuwa najikaza kisabuni mpaka naanguka. Siku hizi naisikiliza miguu yangu kama ninavyomsikiliza mteja.

Sasa uhondo wenyewe. Shemeji yako alipoona nimerudi kazini, alikwenda kwenye karakana yake akajifungia na vyuma. Fundi wa kuchomelea akiwaza, moto unaruka. Aliniambia ameipata dawa yake na yeye: badala ya mimi kukizunguka kichwa, kichwa ndicho kizunguke, mimi nikae. Akatengeneza kiti cha mteja kilicho chini, juu ya beringi alizotoa kwenye mashine iliyokufa, na mimi akanitengenezea kigoda kirefu chenye mto. Siku ya uzinduzi alikaa Bi Haraka. Fundi wangu alikuwa amezipaka beringi grisi kwa mapenzi yake yote. Nikamgusa Bi Haraka begani kidogo tu ageuke kushoto. Dada, aligeuka kushoto, akageuka kulia, akapita mbele ya kioo mara sijui ngapi na kitana changu kimening'inia kichwani, akasimama ametazama barabarani, akawapungia watu mkono. Kisha akasema kwa hasira, "Nilikuambia nina haraka, lakini si hivi!"

Basi shemeji yako akakifungia breki ya baiskeli. Sasa nabonyeza, kichwa kinasimama pale ninapotaka. Nimeketi, miguu imepumzika, kitana chepesi, njia zinanyooka kuliko zamani. Na kioo tumekihamishia upande wa ndani ili kiti kiwe karibu na kule. Nikitaka kwenda sisemi tena subiri kidogo. Nasema, "Naenda chooni," wateja wanajibu, "Haya," na maongezi yanaendelea. Dunia haikuanguka. Tatizo nililonalo sasa ni kuwashusha watu kwenye kiti.

Jumamosi ya wiki iliyopita ile timu ya netiboli ilirudi. Nahodha aliingia kwanza peke yake, akachungulia kama bado nimenuna, kisha akawaita wengine wakajaa chumba kizima. Niliwasuka wote, na mmoja wao aliyejua kusuka nikampa kazi ya kufunga ncha. Tulianza asubuhi, tulipumzika, tulikula, tuliendelea. Nilipomaliza kichwa cha mwisho niliinuka nikatembea mpaka uwanjani kuwaangalia kwa miguu yangu mwenyewe. Walifungwa vibaya sana, lakini walifungwa wamependeza. Mwamuzi alimuuliza nahodha wanasukwa wapi. Nilikuwa nimesimama pembeni ya uwanja, natabasamu peke yangu, na kama ungeniona ungenikumbatia.

Hiyo ndiyo raha ninayoitaka na kwako. Huenda wewe huna ugonjwa huu. Huenda goti ni pasi tu, na tumbo ni chakula cha kantini yenu. Ningefurahi kuaibika. Lakini atakayetuambia hivyo awe mtu mwenye vipimo, si wewe kwa simu na si mimi kwa barua. Nenda wiki hii, omba ruhusa kwa yule asiyecheka, mwambie mdogo wako ni mkorofi. Ukiingia chumbani usianze na goti ukamalizia na goti. Vitaje vyote viwili kwa pumzi moja, na Mama umtaje, na Bibi umtaje, na kama kuna damu useme damu. Usitoke mpaka wameviandika pamoja.

Shemeji yako anakusalimu, anauliza urefu wa shingo yako ikiwa umekaa, eti kuna kiti kingine anakichora kwa ajili ya likizo yako. Watoto wanamwambia Mama Mkubwa kwamba wamemtunzia zamu ya kuzungushwa. Mama anakusalimu sana. Nilimsomea barua hii kabla ya kuifunga, akanisimamisha pale kwenye simu yako. Amesema nikuandikie neno kwa neno: alikuwa anawasikia wanawe nyuma ya mlango, akaogopa kugonga, na leo anagonga. Mungu akulinde, akupe nguvu ya viungo na utulivu wa moyo, na akulete tukusuke.

Sitakuuliza habari za mvua, na mlango wako siuogopi. Nakuuliza nilivyoulizwa mimi, na nasubiri jibu.

Dada yangu, hiyo "subiri kidogo" yako imeanza lini?

Mdogo wako anayekupenda, anayefanya kazi ameketi siku hizi,
Kiroboto